Kosa la Chapa na Kosa la Maisha

Sisi tuliokaa miaka mingi tukisahihisha madaftari ya watoto kwa wino mwekundu twajua kwamba kosa la tahajia halina uchungu mwingi. Mwalimu hulipigia mstari, mtoto huliandika neno upya mara tano, na mambo yamekwisha. Hakuna anayelala na njaa wala kununiwa kwa sababu ya herufi moja. Lakini makosa tunayotendeana nyumbani, ndugu kwa ndugu, mke kwa mume, mzazi kwa mwana, je, hayo nayo husahihishika? Au yakisha kutendwa yamekwisha andikwa, hata mtu angesugua namna gani? Swali hili ndilo tutakalolitazama mwezi huu. Na ili tusizungumze hewani, tumechagua mfano wa mtu mmoja aliyekuwa mpiga chapa wa magazeti, ambaye aliyaita makosa ya maisha yake kwa jina lile lile ambalo wapiga chapa huyaita makosa ya herufi.

Mtu huyo ni Benjamin Franklin, aliyezaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706, akafa Philadelphia mwaka 1790. Wengi twamjua kwa habari za radi na umeme, na kwa kuwa mmoja wa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru la mwaka 1776. Lakini alipoandika wosia wake mwaka 1788, mzee wa miaka themanini na ushei, alijitaja kwanza kuwa mpiga chapa, ndipo akataja vyeo vyake. Kazi hiyo aliipenda, na katika kazi hiyo alijifunza namna ya kufikiri.

Yafaa tuielewe kazi yenyewe kidogo. Siku zile kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini. Fundi alizipanga moja moja, kinyumenyume, mpaka ukurasa utimie. Kisha alichapa karatasi moja ya kujaribia, akaisoma. Akiona kosa alilegeza ukurasa, akaing'oa herufi mbaya kwa chombo chenye ncha, akatia iliyo sawa. Hayo yote yaliwezekana maadamu herufi zingali zimepangwa. Karatasi zikisha kuchapwa zote na kwenda kwa wasomaji, na herufi zikisha kurudishwa masandukuni, hapakuwa na la kufanya ila kuchapa orodha ya makosa na kungoja chapa ya pili, kama itakuwapo. Basi kosa la chapa husahihishika, lakini lina wakati wake. Tulikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Mwaka 1771 Franklin alikuwa Uingereza, mgeni wa Askofu Jonathan Shipley katika kijiji cha Twyford. Huko, katika nyumba ya askofu wa Kanisa letu la Kianglikana, alianza kuandika habari za maisha yake. Hakuziandika kama kitabu, bali kama barua, na barua hiyo aliielekeza kwa mwanawe William, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima, gavana wa koloni la New Jersey kwa niaba ya mfalme wa Uingereza. Katika barua hiyo alisema kwamba angalipewa nafasi angekubali kuishi maisha yake tena tangu mwanzo, ila angeomba ruhusa wanayopata waandishi, ya kusahihisha katika chapa ya pili makosa ya chapa ya kwanza. Kisha akayataja makosa yake, moja moja, bila kuficha. Tutazame matatu, ingawa la tatu yeye hakuliandika.

La kwanza lilikuwa juu ya kaka yake, James. Baba yao, Josiah, alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni, mwenye watoto kumi na saba kwa wake wawili, mmoja baada ya mwingine. Benjamin alipokuwa na miaka kumi na miwili alifungwa kwa mkataba awe mwanagenzi wa James katika kazi ya chapa. Mwaka 1721 James alianzisha gazeti lake, New-England Courant. Lilikuwa gazeti lenye ulimi mkali, na wakubwa wa koloni hawakulipenda. Mwaka 1722 wakamfunga James gerezani, na mwaka uliofuata wakamkataza kulichapa. Ndipo likatolewa kwa jina la mdogo wake. Ili hila hiyo isimame, James alimrudishia Benjamin mkataba wake hadharani kana kwamba amemweka huru, na kwa siri wakaandikiana mkataba mwingine.

James alikuwa akimpiga nduguye mara kwa mara. Walipogombana tena, Benjamin akajidai kuwa huru, akijua kwamba kaka hathubutu kuutoa ule mkataba wa siri. Hakuvunja sheria iliyoonekana, bali alivunja neno lake, akimshika kaka yake pale pale alipokuwa dhaifu. Hili Franklin aliliandika kuwa kati ya makosa ya kwanza ya maisha yake. Kijana akatoroka, miaka kumi na saba, mwaka 1723. Mwaka uliofuata alirudi kuwasalimu wazee, amevaa nguo mpya, ana saa na fedha mfukoni, akaviringisha mbele ya wafanyakazi wa kaka yake. James akakasirika kupita kiasi. Mama alipojaribu kuwapatanisha, alisema ametukanwa mbele ya watu wake, na kwamba hatasahau wala kusamehe kamwe.

Wazee husema, wagombanao ndio wapatanao. Ilipita miaka kama kumi. Benjamin, sasa mwenye gazeti lake mwenyewe huko Philadelphia, Pennsylvania Gazette, alifunga safari hadi Newport, Rhode Island, ambako James alikuwa amehamia. Alimkuta afya yake imeharibika. Wakapatana kwa upendo. James akamwomba jambo moja: akifa, amchukue mwanawe, wakati huo mtoto wa miaka kumi, amfundishe kazi ya chapa. James alifariki mwaka 1735. Benjamin akamchukua mtoto, akampeleka shule kwanza, kisha akamfundisha kazi. Mama wa mtoto, Ann Franklin, aliuendesha mwenyewe mtambo wa mumewe huko Newport, naye ni mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya kazi hiyo Marekani. Kijana alipokua na kurudi kwa mama yake, ami yake alimpa herufi mpya, maana zile za baba zilikuwa zimechakaa. Kwa njia hiyo, aliandika Franklin, alimlipa kaka yake utumishi aliomnyima.

Hapa twaona mambo mawili. Mkosaji ndiye aliyefunga safari, hakungoja kuitwa. Na yule aliyesema kamwe, alipoona uso wa nduguye mlangoni, aliliacha neno lake la hasira. Tusiliamini sana neno kamwe linalosemwa wakati wa hasira, wala la mwenzetu wala la kwetu wenyewe.

La pili lilikuwa juu ya Deborah Read. Benjamin alikuwa amefikia kumposa kabla ya kwenda London mwaka 1724. Alipofika huko, katika muda wote wa miezi kama kumi na minane alimwandikia barua moja tu, na hiyo ilikuwa ya kumwambia kwamba hatarajii kurudi upesi. Deborah akaolewa na mtu mwingine, naye mtu huyo akamtoroka. Franklin alirudi, akaona huzuni ya mama huyu, akajua yeye ndiye sababu. Mwaka 1730 wakaanza kuishi kama mume na mke. Alisema kwamba hivyo alilisahihisha kosa lake kubwa kadiri alivyoweza. Deborah akawa mshirika wake wa kweli, akiuza dukani, akikunja na kushona vijitabu, na akimlea William, ambaye Benjamin alimpata nje ya ndoa.

Wao wawili walipata pia mwana, Francis, aliyekufa kwa ndui mwaka 1736 akiwa na miaka minne. Watu walivumisha kwamba alikufa kwa sababu ya chanjo. Baba akachapa tangazo katika gazeti lake mwenyewe kueleza kwamba mtoto hakuwa amechanjwa, ili wazazi wengine wasiogope kuwachanja watoto wao. Uzeeni bado alijuta kwamba hakumchanja. Kosa hili halikuwa na chapa ya pili, lakini aliligeuza liwe onyo la kuwafaa wengine. Hiyo nayo ni namna ya kusahihisha.

Lakini tumwangalie Deborah hadi mwisho. Kazi za umma zilimpeleka mumewe tena London, kwanza tangu 1757 hadi 1762, kisha tangu 1764. Deborah aliogopa bahari, hakukubali kuvuka. Barua zikaenda na kurudi, za nyumba, za fedha, za wajukuu. Mwaka baada ya mwaka mume alisema atarudi. Deborah alipooza, akadhoofika, akafa Desemba 1774, miaka kumi kamili tangu waagane. Aliyesafiri katika theluji kuja kumzika alikuwa William. Ndiye aliyemwandikia baba yake London kumpa habari, akamweleza kwamba mama alikuwa amesema asiporudi majira yale hawataonana tena. Waswahili wamenena kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kijana aliyemwacha Deborah bila barua alilisahihisha kosa lake. Mzee aliyemwacha na barua nyingi, hakulisahihisha. Barua ni njema, lakini kuna siku ambayo barua haitoshi, na mtu mwenyewe hana budi kufika.

Sasa twaja kwa la tatu. Vita vya uhuru vilipokaribia, baba alisimama upande wa makoloni, mwana akabaki upande wa mfalme aliyemwapia kiapo cha ugavana. Mwaka 1776, mwaka ule ule wa Tangazo la Uhuru, William alikamatwa na wenye koloni, akapelekwa Connecticut. Baadaye alionekana akitoa hati za msamaha za mfalme, akafungiwa peke yake huko Litchfield. Mkewe Elizabeth alikuwa akiugua New York. Aliomba ruhusa ya kwenda kumwona, akakataliwa, na mkewe akafa mwaka 1777 bila kumwona mumewe. Mwaka 1782 William akaondoka kwenda Uingereza, asirudi tena.

Vita vikaisha. Tarehe 22 Julai 1784 William alimwandikia barua baba yake, ambaye alikuwa balozi wa Marekani huko Ufaransa. Aliomba wairudie mapenzi yao ya zamani. Hakusema amekosa. Alisema alifuata lile aliloliona kuwa wajibu wake kwa mfalme, na kama alidanganyika hana la kufanya, na mambo yale yale yakitokea tena angetenda vile vile. Baba alijibu tarehe 16 Agosti. Alisema angependa kupatana, lakini hakuna jambo lililomwumiza kama kuachwa na mwanawe wa pekee wakati wa uzee wake, tena kumwona ameshika silaha dhidi yake. Alikiri kwamba sisi sote ni watu wa kukosea, na kwamba maoni ya mtu hayamo katika uwezo wake mwenyewe. Lakini akaongeza kwamba ziko haki za damu zilizotangulia haki za siasa, na siasa haiwezi kuzifuta.

Mwaka uliofuata, Franklin akirudi nyumbani kutoka Ufaransa, walionana Southampton. Askofu Shipley na jamaa yake walikuja pia kumuaga, kwa maana Twyford hapako mbali na hapo. Fikirini jambo hili: karibu na nyumba ile ile ambamo miaka kumi na minne nyuma baba alianza kuandika maneno ya kumwelekea mwanawe mpendwa, na kukiri mbele yake makosa ya ujana, ndipo walipokutana kwa mara ya mwisho. Na kazi iliyofanyika ilikuwa ya hesabu. William alitia sahihi hati za kumwuzia mwanawe Temple mashamba yake ya New Jersey, na madeni kwa babaye yakahesabiwa humo. Baba akapanda meli. Katika wosia alimwachia ardhi ya Nova Scotia, vitabu na karatasi alizokuwa nazo tayari, na madeni yaliyosalia katika daftari. Akaeleza kwamba sehemu aliyoichukua mwanawe katika vita ndiyo sababu ya kutomwachia zaidi.

Tusiharakishe kumhukumu mzee huyu. Aibu yake ilikuwa kubwa mbele ya wenzake, na jeraha lilikuwa la kweli. Mtu atasema pia kwamba William hakutubu, na mtu asiyekiri kosa atasamehewa nini? Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuitazame vizuri. William alikuwa amekula kiapo, akakishika hadi gerezani. Kuna watu wema waliomwona mtiifu na watu wema waliomwona msaliti. Kama angesema nimekosa, hali moyoni haamini hivyo, angekuwa amemwandikia baba yake uongo. Alitoa kile alichokuwa nacho: hamu ya kurudi. Na ile hoja ya baba, kwamba haki za damu hutangulia siasa, ni hoja nzuri, lakini ina makali pande mbili. Ikiwa mwana hakupaswa kumwacha baba kwa ajili ya mfalme, je, baba alipaswa kumwacha mwana kwa ajili ya taifa? Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Tena tunaye shahidi katika jamaa ile ile. Dada yake mdogo, Jane Mecom, aliandikiana naye kwa zaidi ya miaka sitini, tangu alipokuwa msichana karibu kuolewa hadi kaka alipokufa. Jane aliolewa na mtengenezaji wa matandiko ya farasi akiwa na miaka kumi na mitano, akazaa watoto kumi na wawili, akazika kumi na mmoja. Hakupata shule kama kaka yake, na alikuwa akiomba radhi kwa tahajia yake mbaya. Franklin, fundi wa herufi, alimwambia asiombe radhi, kwani neno lililoandikwa kama linavyotamkwa lina haki yake. Mwaka 1775, Jane alipoikimbia Boston kwa sababu ya vita, kaka alikwenda mwenyewe kumchukua Rhode Island. Katika wosia alimpa nyumba ya Boston na paundi hamsini kila mwaka. Basi huyu alijua kusoma barua yenye makosa na kuona alichokusudia mwandishi. Barua ya mwana iliandikwa kwa ufasaha, naye akaona ndani yake kosa tu.

Hapa ndipo lilipo fundisho, kwa maoni yetu. Makosa yetu wenyewe tunayaita makosa ya chapa: herufi iliyoteleza, jambo la ujana, tutalisahihisha. Makosa ya mwenzetu tunayaita doa la wino lililoingia katika karatasi yenyewe. Tungependa wenzetu watusomee chapa ya pili, lakini sisi twawasomea daima chapa ya kwanza. James alikuwa na haki ya kumsomea Benjamin ile ya kwanza, na hakufanya hivyo. Benjamin alipewa zawadi hiyo akiwa kijana, na alipofika zamu yake ya kuitoa, alitoa daftari la hesabu.

Franklin alizikwa katika makaburi ya Christ Church, kanisa la Kianglikana la Philadelphia, pamoja na Deborah, karibu na mtoto wao Francis. Kijana bado, alikuwa amejitungia maneno ya kaburini, akijifananisha na kitabu kikuukuu ambacho siku moja kitatoka tena katika chapa mpya, kimesahihishwa na Mwandishi wake. Ni tumaini jema, na sisi twalishika. Lakini jiwe lililowekwa lina majina mawili tu na mwaka. Na tumaini hilo halituondolei kazi ya leo, maana yako masahihisho tuliyoachiwa sisi wenyewe, nayo yana wakati wake, kama tulivyoona katika kiwanda cha chapa.

Basi, ndugu wasomaji, kama yuko ndugu ambaye hamsemezani, au mwana aliyekwenda njia usiyoipenda, herufi zingali zimepangwa maadamu nyote wawili mnaishi. Usingoje kwanza akubali kwamba ulikuwa na haki, huenda hatakubali kamwe, na huenda hukuwa nayo yote. Mwandikie. Kama unaweza, nenda. Na ukienda, daftari la hesabu uliache nyumbani.